Nataka kuachana na mashine ya polishi ya laki na ishirini: niende milimita 15 au 21?

Mtoto wa Crown

Wakuu habari za Jumapili.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya ofisini, ila wikiendi utanikuta nje ya nyumba nimepiga magoti mbele ya mlango wa gari, tochi mkononi. Mke wangu ameshazoea, majirani ndio bado wanauliza gari limeharibika nini.

Nina Crown Athlete nyeusi, ile rangi ya 202. Wenye nayo wanajua: ukipitisha kitambaa kikavu tu, imeshaandika. Ukisimama chini ya taa za sheli usiku unaona utando wa buibui wa mikwaruzo boneti nzima. Miaka miwili iliyopita nilinunua Kariakoo mashine ya DA isiyo na jina la maana, laki na ishirini, sahani ya kushikia pedi ya inchi 5, myumbo milimita 8. Kwa wasiojua: pedi ya DA haizunguki palepale tu, inazunguka huku inayumba pembeni, na hiyo milimita 8 ndiyo upana wa kuyumba kwake. Imenifundisha mengi, imeshapita magari kama tisa, langu na ya washikaji.

Sasa imenichosha. Kwenye tambarare inakwenda. Nikifika kwenye mkunjo wa fenda, au hapo juu ya kitasa cha mlango, pedi inaacha kuzunguka, inatetemeka tu kama simu iliyowekwa mezani. Nikikandamiza ndiyo inakufa kabisa. Boneti peke yake saa mbili na nusu, na Jumatatu asubuhi bado vidole vina ganzi. Juzi velkro ya sahani ikayeyuka, pedi ikaruka ikatua kwenye beseni la dagaa la jirani. Nimelipa dagaa.

Bajeti laki saba, nikijibana sana laki nane. Naona wenzetu wanashika za milimita 15 na 21. Nichukue ipi? Nina ndugu yuko Marekani anakuja Desemba, anaweza kunibebea. Na kuna fundi kaniambia niache utoto, nichukue rotari, ile inayozunguka palepale bila kuyumba.

Karibuni.

Kaa la Jiko

Siti ya mbele kabisa. Nasoma tu, mimi gari langu linaoshwa na mvua.

Fundi Kilia

Mwanangu, huyo fundi simjui ila hajakosea. Huu mwaka wa 19 napuliza rangi. Gari likishakauka tunapiga msasa wa maji namba 1500, tunamalizia na 2000, halafu rotari yenye pedi ya manyoya na kompaundi, ile polishi kali ya kukata. Boneti robo saa, unaweza kujiangalia ukanyoa ndevu. Hiyo DA yako ukiipeleka kwenye alama za msasa wa 1500 utabembeleza mpaka adhana ya alfajiri.

Rotari haijui kugoma. Sahani inaendeshwa na mota moja kwa moja, ukikandamiza inaendelea. Langu ni Makita la inchi 7, nimebadilisha kaboni za mota mara nne, basi. Sema uwe na mkono, na kona zote uzibandike masking tepu. Kona ndipo kilia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi, ilipo nyembamba. Ukizubaa sekunde tatu umeona rangi ya chini, ukizubaa tena umeona bati.

Mtoto wa Crown

Shikamoo fundi. Hizo sekunde tatu ndizo zinazoninyima usingizi. Halafu hili gari lilishapigwa rotari kabla sijalinunua. Ukisimama juani, mlango wa nyuma una mawimbi, ukitembea nayo yanatembea.

Fundi Kilia

Marahaba. Hayo ni ya mtu aliyeishia kwenye manyoya hakumalizia na spongi laini. Usiilaumu mashine.

Pedi Kumi

Mtoa mada, kabla hujatoa hata mia, chukua maka pen uchore mstari mnene pembeni mwa sahani, toka katikati kwenda ukingoni. Washa, laza kwenye rangi. Ukiona ukungu tu, pedi inazunguka. Ukianza kuuona mstari wenyewe, ujue imesimama, unaitekenya rangi tu.

Kwa nini inasimama? Kwenye DA ya kawaida mota inaendesha kule kuyumba. Kuzunguka kunakuja kwenyewe, kwa sababu sahani imeachiwa huru kwenye beringi. Ndiyo maana inakuwa na huruma kwa kilia, na ndiyo maana inagoma. Kwenye mkunjo, upande mmoja wa pedi unabeba uzito wote, mwingine unaning'inia, msuguano unashinda ule mzunguko wa bure. Ukiongeza mkono unazidi kuua. Wengi wakiona imegoma hukandamiza, na hapo ndipo wanapopoteza saa mbili na nusu.

Sasa hesabu ya myumbo. Ukiyumba kwa upana wa milimita 8, duara moja ni kama milimita 25 za njia. Milimita 15 ni kama 47. Milimita 21 ni kama 66. Kwa hiyo mashine yenye myumbo mkubwa, hata ikiwa na mizunguko michache kwa dakika, pedi inatembea zaidi, na mtetemo wake ni wa taratibu, haukusanyi ganzi kwenye vidole. Hapo utaona tofauti siku ya kwanza.

Lakini 21 usiende. Ile ni ya sahani ya inchi 6 na pedi pana, imetengenezewa maruufu ya Land Cruiser na maboneti mapana. Kwenye Crown, sehemu inayokupa shida ni fenda, mabega ya milango na bampa, na mkunjo unagomesha 21 kabla ya 15. Milimita 15 yenye sahani ya inchi 5 na pedi ya inchi 5 na nusu, hapo umepona.

Ila jibu hili kwanza: una pedi ngapi?

Mtoto wa Crown

Mbili. Nazifua.

Pedi Kumi

Nilijua.

Mkuu, gari zima kwa pedi mbili? Spongi ikishalowa kompaundi na vumbi la kilia inakuwa nzito kama chapati ya jana. Joto linabaki ndani, katikati panalainika, mashine inagoma hata kwenye tambarare. Gari moja tenga nne za kukatia mikwaruzo, mbili za kumalizia mng'aro. Kila ukimaliza eneo la nusu mita kwa nusu mita, isugue kwa brashi huku mashine inazunguka taratibu, au ipulize kwa upepo kama una kompresa. Pedi mpya inataka kupakwa polishi uso mzima mara ya kwanza tu. Baada ya hapo matone matatu manne yanatosha. Ukiona inarusha madoa hadi kwenye kioo, umezidisha.

Hiyo velkro iliyoyeyuka ni moto wa pedi iliyochoka. Nunua sahani mpya na pedi mbili, jaribu tena mashine hiyohiyo, urudi hapa.

Mvita Mng'aro

Salamu kutoka Mombasa. Nakubaliana na Pedi Kumi, lakini kuna njia ya tatu hamjaigusa: DA ya kulazimishwa, ile yenye gia. Flex XC 3401 ya Mjerumani ndiyo inayojulikana zaidi. Wati 900, myumbo milimita 8, lakini sahani inazungushwa na gia, kwa hivyo haigomi hata uikalie. Nimeitumia miaka mingi. Inakata karibu na rotari na haiachi yale mawimbi.

Ubaya wake: inavuta. Isiposhikwa sawa inatembea yenyewe upande mmoja, na kwenye ukingo inarusha mkono. Bega langu linajua.

La pili, si la mashine. Huku kwetu gari likilala karibu na bahari na likaoshwa kwa maji ya kisima, chumvi inaacha vidoa vyeupe vilivyojichimbia. Watu wanavidhania mikwaruzo, wanavipiga kompaundi saa nzima. Jaribu kwanza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika moja, suuza vizuri. Kinachobaki ndicho cha kupolishi.

Mtoto wa Crown

Kaka hapo kwenye kisima umenigusa. Nakaa Goba, kisima cha jirani kinatoa maji ukinywea chai huhitaji chumvi. Nilivipiga vidoa vya ruufu mara tatu havikutoka.

Binti Temeke

Naosha na kupolishi magari kama kazi, kwa hiyo naongea kama mtu anayeishika mashine saa sita kwa siku. Kaka yangu, wati zisikuchanganye. Uliza uzito na umbo la mshiko. Mashine nene ya kichwani inayozidi kiganja, baada ya milango miwili utaanza kuiinamisha bila kujua, na ukiiinamisha ndiyo inagoma. Nenda dukani ishike kwa mkono mmoja, inyooshe mbele yako uhesabu hadi sitini. Kama mkono umeshuka, rudisha. Muuzaji acheke tu.

Halafu angalia waya wa umeme. Mfupi ni mateso, unaishia kuburuza soketi juu ya boneti. Mimi waya naupitisha begani, nimevaa aproni, na saa na mkanda navua. Mikwaruzo mingi ya "mashine" ni bakoli ya mkanda.

Kaa la Jiko

Dada umenifanya niangalie mkanda wangu.

Mtu wa Maskati

Assalaam aleykum. Mie Mzanzibari niliopo Maskati, huku jua haliulizi. Bati la gari jeusi adhuhuri huwezi kuliwekea kiganja. Polishi inakauka kabla hujamaliza pasi ya pili, inakuwa unga, na unga huo unakwaruza. Mie nafanya kazi baada ya isha, chini ya sakafu ya maegesho, na bado nalifutia bati kwa kitambaa kibichi kwanza.

Ndugu yangu wa Crown, kabla ya mashine tia udongo wa kusafishia rangi, ule unaokandwa kama unga wa mandazi. Vumbi lililoganda usiposhughulika nalo, mashine yoyote utakayonunua italizungusha juu ya rangi yako.

Stepu Dauni

Mmeongea yote isipokuwa la ndugu wa Marekani. Mkuu, usimbebeshe!

Kule ni volti 120, huku 230. Mashine nyingi za kule hazina swichi ya kubadilisha. Nilichomeka moja ya mtumba kutoka Japani, ya volti 100, kwenye soketi ya ukutani. Ilizunguka kwa furaha sekunde nne, nikasikia harufu, ikaisha. Ukitaka kuitumia lazima transfoma, na si ile ndogo ya redio. Mashine ya wati 900 inataka transfoma ya wati 1500 ukae kwa amani, hiyo ni mzigo wa kubeba kwa mikono miwili na bei yake nayo ni pesa. Hata uzi wa kufungia sahani unatofautiana. Rotari za kule nyingi ni inchi 5/8, huku sahani tunazopata dukani ni M14. Utakaa na mashine nzuri huna cha kuifunga.

Mwambie ndugu akuletee pedi, taulo za maikrofaiba na chupa mbili za polishi. Hizo hazina volti.

Swali la nyongeza: unatumia ekstensheni gani?

Mtoto wa Crown

Ya mita 30, ile ya roli. Nyaya nyembamba nyembamba hivi. Naikunjua kiasi ninachohitaji, iliyobaki inabaki kwenye roli.

Stepu Dauni

Haya. Roli iliyojikunja inapata moto, waya mwembamba unakula volti, na Goba saa moja jioni kila mtu kawasha feni na jiko. Mashine inapata umeme wa huruma. Kunjua waya wote chini, au tafuta fundi umeme akutengenezee wa nyaya za milimita 2.5, mita 15. Fanya kazi asubuhi. Huenda nusu ya kugoma kwako iko hapo.

Fundi Kilia

Watoto mnaongea vizuri, ila hakuna aliyemuuliza kilia yake imebaki kiasi gani. Rangi ya kiwandani yote, toka bati hadi juu, kwa kawaida ni maikroni (elfu moja ni milimita moja) 100 hadi 150, na Mjapani huwa hata chini ya hapo. Kilia yenyewe ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hiyo. Hilo gari limeshapigwa rotari na mtu asiyejulikana, halafu wewe umelipiga miaka miwili. Kila pasi ya kukata inaondoka na kitu.

Na siyo kila gari lina kilia. Nyeupe ya 040, Hiace na Land Cruiser nyingi, ni rangi tupu. Ukipolishi pedi inageuka nyeupe, watu wanapiga kelele wameharibu. Hujaharibu, ndivyo ilivyo.

Njoo gereji Jumamosi, nina kipimo. Hakisomi bampa, plastiki hakiijui, lakini bati lote tutalipima. Na uje na hiyo mashine yako ya dagaa.

Mtoto wa Crown

Mrejesho wa kwanza, wakuu.

Nimefanya nilivyoelekezwa. Sahani mpya na pedi mbili elfu arobaini na tano. Ekstensheni mpya. Mstari wa maka pen. Nimeanza saa moja asubuhi, bati la baridi. Boneti: saa moja na dakika kumi, kutoka saa mbili na nusu. Mashine ileile! Nilikaa chini nikaiangalia.

Siki nayo imetoa vidoa vya ruufu kama robo tatu.

Ila fenda, hapana. Mstari unauona wazi umesimama kama mshale wa saa mbovu. Nimepunguza mkono, nimelaza pedi sawasawa, nimepandisha spidi hadi mwisho. Inazunguka kidogo, inasimama. Kwa hiyo pedi zilikuwa nusu ya tatizo, nusu nyingine ni mashine.

Kwa fundi nako nimekwenda. Tumepima sehemu ishirini na tatu, nimeandika kwenye daftari. Boneti 98 hadi 108. Ruufu 112. Mlango wa nyuma kushoto, ule wa mawimbi, 240 na kitu, na chini karibu na gurudumu kipimo kikaruka hadi 700. Fundi akagonga kwa kidole, akasikiliza, akasema "hapa pana puti ya kumwaga, ile ya kuzibia mabonde, huu mlango una historia." Muuzaji aliniambia gari halijawahi kuguswa.

Halafu akanipa Makita yake kwenye mlango chakavu uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nimeshika dakika tatu. Jamani, ile kitu ina nguvu! Alama za msasa zilifutika kama chaki. Dakika ya nne nimekula kona. Bati likatoa macho. Fundi hakusema kitu, alinipa masking tepu.

Fundi Kilia

Nilisema sekunde tatu. Alikwenda tano.

Pedi Kumi

Huo mlango wa 240 umepulizwa upya, huenda una nafasi zaidi ya kukata, ila kipimo hakisemi kilia ni kiasi gani, nenda taratibu. Ila kaa mbali na pale pa 700. Boneti ya 98 usiikate tena, malizia kwa polishi laini tu. Mikwaruzo mirefu iliyobaki iache, ipo chini sana.

Kuhusu kununua: kwa laki nane Rupes mpya, zile za Mwitaliano, sahau, huko kwao tu inapita bei hiyo kabla ya usafiri na ushuru. Ila za Kichina za milimita 15, wati 900, volti 230, zipo na nyingine ni nzuri kweli. Angalia vitu vitatu. Ikiwaka ianze taratibu, isiruke. Ukiishikilia hewani spidi ya mwisho, kichwa kisipige kama kina kokoto ndani. Na kaboni zake ziwe zinapatikana. Usije ukafunga sahani ya inchi 3 kwenye mashine ya 15 ukidhani umeokoa pesa. Chuma cha kusawazisha cha ndani kimepimwa kwa sahani yake, ukibadilisha inatetemeka mpaka meno.

Mvita Mng'aro

Na usiinunue bila kuisikia ikinguruma. Picha za mtandaoni hazitoi sauti.

Mtoto wa Crown

Mrejesho wa pili, wiki tano baadaye.

Nimenunua. Milimita 15, laki sita na nusu, mpya, ya Kichina. Duka la kwanza walikataa kuiwasha, nikaondoka. La pili muuzaji aliiwasha, akanipa nishike, nikahesabu hadi sitini kama alivyosema dada wa Temeke. Akauliza kama naswali.

Pesa iliyobaki nimeweka kwenye pedi, sasa ninazo saba. Ndugu wa Marekani kaleta taulo kumi na mbili na polishi, hakuna kilichoungua.

Jumamosi nimeanza na fenda ya kulia kwa hasira. Mstari nimeuchora kabla hata sijafunga pedi. Nimelaza, spidi ya nne kati ya sita, mkono mwepesi, nikaenda taratibu kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Pale kwenye mkunjo ukungu ulipungua kidogo, mstari ukataka kutokea, ukarudi kuwa ukungu. Haukusimama. Pasi nne, nikafuta kwa spiriti ili mafuta ya polishi yasinidanganye, nikapiga tochi. Safi, isipokuwa mikwaruzo miwili mirefu ambayo nimeiacha kama nilivyoagizwa. Fenda moja dakika ishirini na tano. Vidole vyangu vipo, navihisi vyote kumi.

Lakini si kila mahali. Nyuma ya kitasa na kwenye shingo ya kioo cha pembeni pedi ya inchi 5 na nusu haiingii. Huko nimefunga pedi ndogo kwenye drili, spidi ya chini kabisa, huku presha ya mwili imenipanda kwa hofu. Mwenye ushauri wa mashine ndogo ya inchi 3 aseme, ila sio leo, mke wangu kaiona risiti.

Binti Temeke

Hongera kaka. Drili iache, itakula kona. Hapo kwenye kitasa tumia kidole na kitambaa mpaka upate hela.

Fundi Kilia

Mwanangu, hiyo mashine Ijumaa una kazi nayo? Nina Harrier nyeusi ya mtu hapa, nimemaliza na rotari, mwenyewe kaja na tochi kama wewe.

Mtoto wa Crown

Ipo fundi. Uje na pedi zako.